NDEGE NA MAKINDA YAKE

Mafundisho juu ya Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Mvua zakaribia. Majembe yametiwa mipini, mbegu zimeteremshwa darini, na moshi waonekana huku na huko milimani, ambako watu wachoma vichaka wapate mahali papya pa kupanda. Kwa hiyo twataka kusema nanyi mwezi huu habari ya ardhi na habari ya chakula. Mambo haya mawili watu huyagombanisha siku hizi, kana kwamba hayakutoka kwa Mungu mmoja. Huyu asema, “Tuilinde ardhi.” Yule ajibu, “Watoto wana njaa.” Nao huondoka wamekasirikiana, na mvua inyeshapo huuchukua udongo wa wote wawili.

Katika Torati ya Musa iko amri moja ndogo, hata wengi huipita wasiione. Mtu yumo safarini, naye aona kiota, ama juu ya mti ama chini. Ndani yake mna mayai au makinda, na mama yake ameyaatamia. Torati yamwambia mtu huyo asimtwae mama pamoja na wanawe. Makinda aweza kuyachukua, lakini mama amwachilie aende zake. Tena amri hiyo yafuatwa na ahadi: aishikaye atapata heri, na siku zake zitaongezwa.

Tulipokuwa chuoni tukijifunza kuhubiri, amri hii tuliihesabu kuwa jambo la wawindaji tu, tukaiacha. Sasa tumekwisha kuwa watu wazima, tumezika wengi na kubatiza wengi, na milima tuliyoijua utotoni ikiwa kijani tumeiona imekuwa myekundu. Ndipo tuliporudi kwenye kiota kile tukajifunza upya. Yaangalieni mambo matatu.

La kwanza, Mungu hakumkataza msafiri kula. Hakusema kwamba kiota ni kitu kitakatifu, na mwenye njaa akipite huku ameyafumba macho. Yeye aliyemwumba ndege ndiye aliyeliumba tumbo la mwanadamu, naye ajua kwamba tumbo halishibi kwa maonyo. Alimpa ruhusa kuyatwaa makinda.

La pili, aliweka mpaka. Amtwaaye mama pamoja na wanawe atakula vizuri usiku huo mmoja. Mwaka ujao atapita njia ile ile asione kiota. Hakula chakula cha siku moja tu. Amekula na kile cha miaka ijayo, tena amekula chakula cha msafiri mwingine asiyemjua.

La tatu, ahadi iliyowekwa hapa ni ndugu ya ahadi tuijuayo katika Katekisimo, chini ya amri ya nne. Amwheshimuye baba yake na mama yake ameahidiwa heri na siku nyingi katika nchi. Amwachiliaye mama wa makinda ameahidiwa vivyo hivyo. Mungu ameziweka amri hizi mbili chini ya baraka moja, iliyo kubwa na iliyo ndogo, ili tujue kwamba kumheshimu atuzaaye na kukihurumia kinachotulisha ni mambo ya ukoo mmoja.

Basi, ndugu, ardhi ndiyo mama, na mavuno ndiyo makinda. Mahindi, maharage, ndizi na mihogo, hayo tumepewa tuyale kwa shukrani. Lakini udongo uyazaao, msitu uitao ukungu, chemchemi na ukingo wa kijito, hivyo ndivyo mama aliyeketi kiotani. Katika bustani ya kwanza mtu alipewa kazi mbili na si moja: kulima na kutunza. Alimaye bila kutunza amemwua mama. Naye atunzaye kwa kuwanyima wengine kulima amewanyang’anya wenye njaa makinda waliyopewa na Mungu. Hizo ni dhambi mbili, si moja. Twasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tumekosa kwa njia zote mbili, nasi twawasimulieni ili msifuate nyayo zetu.

Usharika tunaoutumikia unacho kipande cha ardhi mlimani, na chini yake pana chemchemi ambayo vitongoji vitatu huteka maji. Wazee waliotutangulia waliwapa wajane na watu wasio na mashamba vijisehemu vya kulima katika mteremko ule. Kwa muda wa miaka kadhaa chemchemi ilipungua, hata kiangazi kimoja akina mama walikuwa wakilala kando yake na ndoo zao, wakingoja maji yajikusanye. Baraza la wazee likakutana jioni moja. Kabla taa haijawashwa tulikuwa tumekata shauri: mteremko wote ufungwe, mashamba yaondolewe, ipandwe miti. Jumapili tangazo likasomwa baada ya ibada. Jumamosi iliyofuata vijana wa kwaya wakapanda miche wakiimba, nasi tukaomba baraka, tukarudi nyumbani na furaha kama watu waliotenda jambo jema.

Wiki tatu hazijatimia, tukaamshwa asubuhi na mapema tuambiwe kwamba miche yote imeng’olewa. Tukaenda kuona. Haikukatwa, wala haikutupwa. Ilikuwa imepangwa safu safu kando ya njia, mizizi imefungwa kwa majani mabichi ya mgomba isikauke, kama mtu arudishavyo mali isiyo yake. Wazee walighadhibika. Wengine walitaka wakosaji watafutwe na kutengwa na Meza ya Bwana.

Jioni akaja nyumbani kwetu bibi mmoja mjane, ambaye tangu zamani hukaa katika benchi la mbele upande wa akina mama. Akasema, “Baba Mchungaji, usimtafute mtu. Ni mimi pamoja na wenzangu wanne. Miche hatukuikata, maana mti hauna kosa. Lakini mliipanda juu ya maharage yetu, wala hakuna aliyetuuliza wajukuu watakula nini. Tena mmepanda mahali pasipo na maji.”

Tukamwuliza, “Bibi, maji yatoka wapi basi?”

Asubuhi akatutangulia na mkongojo wake. Akaupita mteremko wa wajane, akapanda juu zaidi, mpaka tukafika katika bonde dogo lililo kama kiganja cha mkono, penye mkuyu wa kale. Akasema, “Hapa ndipo maji yanapolala kabla ya kushuka. Mama yangu alinikataza hata kuokota kuni hapa.” Tukatazama. Mkuyu ulikuwa umesimama peke yake, na kuuzunguka pande zote palilimwa kabichi, udongo umekatwakatwa mifereji, maji yote ya mvua yakikimbizwa bondeni.

Ndugu, shamba lile la kabichi lilikuwa la usharika. Tulikuwa tumemkodisha mtu mwenye fedha, na kodi yake iliingia katika sanduku la kanisa. Tulikuwa tumewafukuza wajane ili tuiponye chemchemi, na kumbe aliyeidhuru ni sisi. Tulimtwaa mama kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukawanyima maskini makinda. Na jambo hili lote mjane mmoja alilijua, ila hatukumwuliza.

Tuliona haya, nasi tukasema hivyo mbele ya usharika Jumapili iliyofuata. Kisha tukakutana tena, safari hii chini ya mkuyu, si barazani. Wajane waliitwa, si kujibu mashtaka, bali kutoa shauri. Alikuwapo mwenye kabichi, walikuwapo wachungao mbuzi, alikuwapo mwenyekiti wa kitongoji. Maneno yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa makali. Mwisho tukapatana hivi: bonde la mkuyu lifungwe kabisa, na mwenye kabichi avune kisha aondoke. Mteremko wa chini urudi kwa wajane, lakini wapande mistari ya majani kuukingama mteremko, na katika mistari hiyo miparachichi. Majani yakatwe wapewe ng’ombe na mbuzi zizini, na samadi irudi shambani. Avunjaye mapatano asitozwe fedha, ila apande na kutunza miche mara mbili ya ile aliyoiharibu.

Msidhani kwamba mambo yote yamenyoka. Sanduku la kanisa lilipungua, na bati la sakristia livujalo bado lavuja. Kijana mmoja aliyekuwa na kishamba ukingoni mwa bonde alipewa kingine, lakini kiko mbali, na mpaka leo hutuamkia kwa mkato. Hata chemchemi haijawa kama wazee waikumbukavyo. Lakini kiangazi kilichopita haikukauka, na akina mama walilala nyumbani kwao. Na miche ya bonde la mkuyu wailinda wajane wenyewe. Hatujamwajiri mlinzi.

Wala msidhani kwamba kosa hili limetendwa na usharika mmoja tu. Nchi yetu ya Tanzania imelitenda mara nyingi, na ni vizuri walimu wayajue mambo haya, maana watu huuliza. Twawaletea mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni milima yetu ya Usambara. Huko Mlalo, walikofika wamisionari kutoka Ujerumani mwaka 1891, serikali ya Kiingereza ilianzisha mwaka 1946 mpango wa kuitengeneza ardhi, na baadaye mpango huo ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Shabaha yake haikuwa mbaya, maana kweli udongo ulikuwa ukishuka. Watu waliamriwa kulima matuta katika miteremko, na asiyelima alishtakiwa na kutozwa faini. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito, na wengi walioibeba ni akina mama, ambao tayari walikuwa na jembe, kuni, maji na mtoto mgongoni. Tena watu waliogopa kwamba ardhi ikiisha kutengenezwa watanyang’anywa. Hakuna aliyekaa nao chini akayasikia hayo. Basi wakakataa, na machifu waliosimamia amri ile wakachukiwa na watu wao. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 mpango ule ulikuwa umeanguka, na neno “matuta” likabaki kuwa neno la uchungu kwa wazee. Kazi iliyolindwa na askari haikudumu kumpita askari.

Lakini sikieni na neno la pili kutoka milima ile ile. Tangu mwaka 1981 ulikuwako Lushoto mpango mwingine wa kuzuia mmomonyoko, uliofanywa na serikali yetu pamoja na Wajerumani. Huo ulifundisha kupanda mistari ya majani ya Guatemala na miti kuukingama mteremko, na kumfuga ng’ombe zizini. Jani lile lile lizuialo udongo ndilo limlishalo ng’ombe. Ng’ombe atoa maziwa na samadi. Samadi yarudi kwenye mahindi. Si wote walioupokea, wala si kila mahali. Lakini palipopokewa, mtu alilinda ardhi na kulisha nyumba yake kwa kazi moja. Hayo ndiyo tuliyoyaiga katika mteremko wa wajane.

Shahidi wa pili ni vilima vya Irangi huko Kondoa. Ardhi ya huko ilikatwa na makorongo makubwa, mtu akisimama ndani haonekani. Mwaka 1973 serikali ilianza kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lile lililoharibika: ng’ombe, mbuzi, kondoo na punda. Nyasi zikarudi. Vichaka vikaota. Aendaye leo huona wazi kwamba mama alipewa nafasi ya kupumzika, naye akaamka. Hilo tusilikane. Lakini nyumbani maziwa yalikatika, samadi ikakosekana mashambani, na wenye mifugo walilazimika kuiweka mbali kwa ndugu na marafiki. Ardhi iliponywa, lakini meza ya mtoto ilipunguka. Baada ya miaka kadhaa ng’ombe wa zizini waliruhusiwa kurudi, na watu wakaanza kupata vyote viwili. Twajiuliza: kama watu wangaliulizwa tangu mwanzo, je, hawangalipata njia hii mapema?

Shahidi wa tatu ni Shinyanga, nchi ya Wasukuma. Huko miti ilifyekwa zamani kwa maeneo makubwa ili kuwafukuza mbung’o, na mingine kwa ajili ya pamba, hata nchi ikawa tupu. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya zamani iitwayo ngitili: mtu au kijiji hufunga sehemu ya malisho mvua zianzapo, nyasi na miti vikue, kisha huifungua kiangazi kinapokuwa kikali, ng’ombe wapate kula. Mtaona kwamba desturi hiyo ni ile ile ya kiota: kula, lakini kwa wakati wake, kufunga, lakini ili upate kula. Watu walipohamishiwa vijiji vipya katika miaka ya 1970, wengi walitenganishwa na ngitili zao, na desturi ikafifia. Mwaka 1986 ikaanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti migeni. Kisha wakafanya jambo la hekima: wakawauliza wenyeji, wakawasaidia kuzirudisha ngitili. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Katika miaka ya kwanza ya karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sheria zake zilitungwa na kulindwa na watu wenyewe vijijini, na katika mikutano yao ya jadi iitwayo dagashida. Pamoja na lishe ya mifugo walipata kuni, dawa, asali na miti ya kujengea.

Hata hivyo tusiseme kwamba Shinyanga imekuwa Edeni. Mwenye ardhi kubwa alifaidi zaidi kuliko maskini, kwa kuwa asiye na ardhi hana cha kufunga. Hilo nalo ni somo kwetu: mapatano mazuri yaweza kumsahau yule asiyekuwapo mkutanoni.

Sasa twaona nini kwa mashahidi hawa watatu? Twaona kwamba vitu ni vitatu, wala havitenganiki: ardhi, chakula na watu. Ukiilinda ardhi ukasahau chakula, njaa itauvunja uzio wako usiku. Ukitafuta chakula ukaisahau ardhi, mwanao atalima mawe. Ukivikumbuka vyote viwili, lakini ukaamua peke yako bila kuwashirikisha watu, kazi yako itakufa siku utakapohamishwa.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na neno lao, kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi iwe nzima, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Nao waliamini kwamba nguvu zikishindana na nguvu, mvua hukosekana na njaa huingia. Sisi hatuamini kwamba mvua ni ya mfalme. Twaijua kuwa ni ya Mungu. Lakini katika neno hili wazee waliona vyema: nchi haiponi mahali ambapo wakubwa washindana na wadogo hawasikilizwi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta fundisho hili. Limo katika Katekisimo Ndogo, ambayo watoto wa kipaimara huisema kwa moyo. Katika ombi la nne la Sala ya Bwana twaomba chakula cha kila siku. Dk. Martin Luther, alipolieleza ombi hilo mwaka 1529, hakutaja mkate peke yake. Alihesabu ndani yake na shamba, na mifugo, na hali njema ya hewa, na watawala wema, na amani, na majirani waaminifu. Basi mtu aombaye ombi la nne asubuhi, kisha akaenda kulima ukingoni mwa kijito, aomba kwa kinywa na kukataa kwa jembe. Na kiongozi aombaye ombi la nne, kisha akalifunga shamba la jirani bila kumwuliza, ameomba mkate huku akiuvunja ujirani ulio sehemu ya mkate huo.

Ikumbukeni na amri ya saba, ikatazayo wizi. Twadhani mwizi ni yule avunjaye ghala usiku. Lakini kuna wizi ufanywao mchana, mbele ya watu wote: kuuondoa udongo ambao wajukuu wangaliulima. Mjukuu hana kinywa cha kupiga kelele, kwa maana hajazaliwa. Kuna na wizi wa pili: kusema “tunalinda” hali mtu amfukuza mnyonge na kuliacha shamba lake mwenyewe. Nao ni wizi, ijapokuwa umevikwa kanzu.

Kwa hiyo, wenzetu walimu, kabla ya mvua za mwaka huu twawasihi mambo manne.

Kwanza, kanisa lianze na ardhi yake. Piteni katika mashamba ya usharika, mwone kama hatulimi chanzo cha maji, kama hatukodishi mteremko usiofaa kwa sababu ya kodi. Akatazaye na aanze kwake.

Pili, waulizeni wale wasioulizwa. Mama atekaye maji alfajiri ajua chemchemi kuliko baraza lote. Mchunga mbuzi ajua ni wapi nyasi zarudi upesi. Msiwaite kuja kusikia tangazo; waiteni kabla tangazo halijaandikwa.

Tatu, msifunge shamba la mtu kabla hamjajua atakula nini katika miezi ya kungoja. Mti wa parachichi hauzai mwaka huu. Kama hamna jibu la swali hilo, subirini, mkatafute jibu. Yaweza kuwa ni kishamba kingine, yaweza kuwa ni mbuzi wa maziwa, yaweza kuwa ni magunia mawili ya mahindi kutoka mavuno ya usharika.

Nne, mapatano yaandikwe, nayo yasiwe ya kanisa peke yake. Jirani zetu wengi ni Waislamu, nao huteka maji katika chemchemi ile ile, na mvua haiulizi dini ya shamba. Yapelekeni mapatano katika serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji sauti katika ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuulinda. Wengi hawaijui haki hiyo. Waelezeni.

Nanyi wakulima wenzetu, msilitumie neno letu kuwa kificho. Tumesema Mungu amewapa makinda. Hatukusema amewapa mama. Twajua njaa ni nini. Tumeikalia mezani pamoja nanyi. Lakini si kila jembe lipandalo juu ya kijito huongozwa na njaa. Jingine huongozwa na tamaa ya bei ya kabichi mjini, kama lilivyoongozwa la kwetu. Kila mtu aupime moyo wake mbele za Mungu kabla hajawasha moto.

Yule msafiri wa Torati alikuwa peke yake njiani. Hapakuwa na askari, wala mzee wa kanisa, wala jirani wa kumwona. Mkono wake ulikuwa juu ya kiota, na mama ndege hakukimbia, kwa kuwa aliyapenda makinda yake. Angalitwaliwa kwa urahisi. Kilichomzuia mtu yule ni kumcha Mungu tu. Mwana wa Mungu mwenyewe alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake chini ya mabawa, naye hakukimbia mkono ulipomjia, bali alijitoa ili sisi tuishi. Sisi tuliookolewa kwa upendo wa namna hiyo, twawezaje kuwa na mkono mgumu juu ya mama atulishaye, au juu ya mjane aulizaye wajukuu wake watakula nini?

Ee Bwana Mungu, uliyetupa ardhi tuilime na kuitunza, utusamehe tulivyoiharibu, na tulivyowadhulumu wengine kwa jina la kuitunza. Utupe mvua kwa wakati wake, udongo usiondoke, na chemchemi zisikauke. Utupe masikio ya kuwasikia wadogo, na moyo wa kuanza na shamba letu wenyewe. Uwashibishe wenye njaa leo, nao watakaozaliwa kesho uwawekee sehemu yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.